MAKTABA YA MUUGUZI ILIZALIWA KATIKA OFISI YA JESHI

Kila kundi la askari linalotoka kambini kwenda doria, na kila gari la polisi linaloitwa kwenye ajali ya barabarani, huwa limeweka tumaini lake juu ya mtu mmoja: yule aliyefundishwa kutibu. Silaha zetu hukaguliwa kila siku, risasi huhesabiwa, na viatu hutazamwa kwenye gwaride. Lakini ni mara chache tunapouliza: elimu iliyomo kichwani mwa muuguzi huyo ilitoka wapi, nayo ilisomwa katika kitabu cha mwaka gani? Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, au wake zao, waume zao na watoto wao, wamo katika vyuo vya uuguzi, ukunga na afya, na wengine wanajitayarisha kuingia.

Wako wanaoiona maktaba kuwa ni mahali pa kupumzikia watu wasio na kazi, na simu yenye intaneti kuwa ni chombo cha mchezo na umbeya. Hatuwalaumu sana, kwa kuwa vyote viwili vyaweza kutumiwa hivyo. Lakini historia yatuonyesha jambo lingine. Maktaba kubwa kuliko zote za utabibu duniani, ambayo leo humfikia mwanafunzi wa uuguzi popote penye mtandao wa simu, ilianzishwa na jeshi, na sehemu ya maarifa yaliyomo ilinunuliwa kwa damu ya askari. Ni haki basi kwamba askari wa leo aijue njia ya kuiingia.

ELIMU HUCHAKAA

Kitabu cha tiba hakifanani na kitabu cha hadithi. Hadithi njema hudumu miaka mia bila kupungua utamu. Kitabu cha tiba chaweza kuwa hatari baada ya miaka 10. Tutatoa mifano mitatu ambayo kila mwanafunzi wa afya hana budi kuijua.

Mfano wa kwanza ni malaria kali. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyezidiwa na malaria alitibiwa kwa kwinini. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, kwa watoto 5,425. Baadhi yao walipewa kwinini, na wengine dawa ya sindano iitwayo artesunati. Miongoni mwa waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, miongoni mwa waliopewa artesunati walikufa asilimia 8.5. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa asiyepiga hesabu. Maana yake ni kwamba katika kila watoto 1,000 waliolazwa, 24 zaidi walirudi kwao wakiwa hai. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilishauri artesunati iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Mwanafunzi asomaye kitabu kilichochapwa mwaka 2005 hatalikuta jambo hilo, hata akikisoma mara kumi.

Mfano wa pili ulitoka karibu nasi zaidi. Vitabu vingi vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, aliyepoa mikono na miguu kwa sababu damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Wengi hawakuona shaka juu ya fundisho hilo, mpaka lilipopimwa katika hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011 baada ya kuwapima watoto 3,141. Waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Wasiopewa walikufa asilimia 7.3. Utafiti huo haukuwahusu watoto waliokaushwa na kuharisha, ambao kwao maji ni uhai. Lakini kwa wale wengine, jambo lililofanywa kwa huruma liliwaongezea hatari. Waganga na wauguzi wetu wenyewe ndio waliowaonyesha walimwengu jambo hilo, na makala yake yaweza kusomwa bure na mtu yeyote.

Mfano wa tatu ni wa askari hasa. Mafunzo ya zamani ya huduma ya kwanza yalimwogopesha mwanafunzi asitumie mshipi wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu, ila pale njia nyingine zote zilipokwisha kushindwa, kwa hofu kwamba kiungo kitaoza. Mwaka 2009 daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, John Kragh, pamoja na wenzake, walitangaza habari za majeruhi 232 waliofungwa mishipi hiyo, waliotibiwa katika hospitali ya kijeshi mjini Baghdad. Waliofungwa mapema, kabla ya kulegea na kuishiwa nguvu kwa kupoteza damu, walipona 90 katika kila 100. Waliochelewa kufungwa walipona 10 tu katika kila 100. Na hapana hata mmoja aliyekatwa kiungo kwa sababu ya mshipi wenyewe. Askari aliyefundishwa kwa kitabu cha zamani angengoja, na katika kungoja kwake mwenzake angekufa.

Askari wa usalama barabarani nao wana fungu lao. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa katika nchi 40, kwa majeruhi 20,211, ulionyesha kwamba dawa ya bei nafuu iitwayo asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya watu wanaovuja damu. Uchunguzi uliofuata ukabainisha kwamba sharti itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ikichelewa kupita hapo haifai, na yaweza kudhuru. Kwa hiyo polisi anayeandika saa ya ajali katika daftari lake anaandika jambo ambalo muuguzi wa zamu atalihitaji.

RAFU MOJA YA VITABU

Sasa tuieleze maktaba yenyewe. Mwaka 1836, katika ofisi ya daktari mkuu wa jeshi la Marekani mjini Washington, palikuwa na rafu ya vitabu na majarida ya tiba kwa matumizi ya madaktari wa jeshi. Kwa miaka karibu 30 rafu hiyo haikukua sana. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1861 hadi 1865, na majeruhi wakawa wengi kuliko elimu ya kuwatibu.

Miongoni mwa madaktari wa jeshi waliofanya kazi medani alikuwamo John Shaw Billings, aliyewahudumia majeruhi wa Chancellorsville na Gettysburg mwaka 1863. Vita ilipokwisha alikabidhiwa maktaba ile, ambayo ilikuwa na vitabu kama 2,000 tu. Katika miaka hiyo iliwekwa ndani ya jengo la Ford's Theatre, ambamo Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865. Jengo la msiba likawa jengo la elimu. Billings alitafuta vitabu kila upande wa dunia kwa barua, kwa kubadilishana na kwa kuomba. Alipostaafu mwaka 1895 aliacha zaidi ya vitabu 100,000, bila ya kuhesabu vijitabu.

Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuwa kukusanya. Aliona kwamba ghala lisilo na orodha halimsaidii mtu, kama vile ghala la silaha ambalo hakuna ajuaye risasi zimewekwa chumba gani. Kwa hiyo mwaka 1879 alianzisha, pamoja na mwenzake Robert Fletcher, faharasa ya makala za tiba iliyoitwa Index Medicus, ili daktari aliye mbali aweze kujua ni nani ameandika nini juu ya ugonjwa gani. Mwaka 1956 maktaba hiyo ilitolewa mikononi mwa jeshi ikawa ya taifa. Mwaka 1964 faharasa ikaanza kutengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 1971 ikaanza kutafutwa kwa njia ya simu kutoka miji mingine. Na mwaka 1997 ikafunguliwa bure kwa watu wote wa dunia kwa jina la PubMed. Leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Mwanafunzi anayeandika neno moja katika simu yake huko Gulu au Mbarara anafungua orodha iliyoanzishwa na daktari wa jeshi.

MATEKA ALIYEPIMA DAWA

Askari mwingine apaswaye kukumbukwa ni Archie Cochrane, daktari Mwingereza mzaliwa wa Scotland. Mwaka 1941 alitekwa na Wajerumani katika kisiwa cha Krete, akapelekwa kambi ya mateka huko Salonika, Ugiriki. Mateka walikuwa na njaa, na miguu yao ikaanza kuvimba. Cochrane alikuwa na dawa chache mno. Alichagua wagonjwa 20, akawagawa katika vyumba viwili. Chumba kimoja akakipa hamira, kingine vitamini C, akaandika kila siku hali yao. Siku ya 4 tofauti ilionekana wazi: waliopewa hamira walikuwa wanapata nafuu. Alichukua karatasi yake ya hesabu akawaonyesha maofisa waliomshika, nao wakaleta hamira.

Tuzingatie jambo hilo. Mateka hakuwa na bunduki wala cheo cha kumlazimisha adui. Alikuwa na hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu, na ilitosha. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha kuwahimiza waganga wapime kila tiba kwa njia ya haki. Alifariki mwaka 1988, na mwaka 1993 likaundwa shirika lenye jina lake, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti zote za jambo moja, kuzipima, na kueleza kwa muhtasari kama tiba fulani yafaa au haifai. Muhtasari huo husomwa bure, na baadhi yake umekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili.

HAPA KWETU

Haifai kudhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1897 Daktari Albert Cook alifika Uganda na kuanzisha hospitali ya Mengo. Aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa, na maktaba ya chuo cha tiba cha Makerere, pale Mulago, inaitwa kwa jina lake. Mkewe, Katharine, alikuwa muuguzi, naye ndiye aliyeanzisha mafunzo ya wakunga. Wawili hao walitambua kwamba mwanafunzi hawezi kushika vema elimu anayoisoma kwa lugha ngeni, kwa hiyo wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa.

Jambo la lugha lingali nasi. Makala nyingi za tiba zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na askari ambaye lugha yake ya kazi ni Kiswahili huona mlango umefungwa. Lakini kitabu cha David Werner kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania, kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kikaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Kitabu hicho hakitoshi kumpasisha mtu mitihani ya uuguzi, lakini humfundisha kueleza ugonjwa kwa maneno ambayo mgonjwa atayafahamu, na hiyo ni nusu ya kazi ya muuguzi.

Na kwa mahali pasipo umeme wala mtandao, Shirika la Afya Duniani lilibuni Maktaba ya Sanduku la Buluu: sanduku la chuma lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, lililotengenezwa kwa ajili ya vituo vya afya vya wilaya barani Afrika. Askari hahitaji kuelezwa faida ya sanduku la chuma. Hubebwa na watu wawili, huingia katika lori, na kambi ikihama nalo huhama.

NJIA ZA KUINGIA

Mwanafunzi atauliza: nianzie wapi? Tutamwonyesha njia nne.

Ya kwanza ni mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya ya Uganda, uliotolewa upya mwaka 2016 na tena mwaka 2023. Hupatikana bure, na waweza kuhifadhiwa ndani ya simu ukasomwa hata mahali pasipo na mtandao. Mwanafunzi asiye nao ni kama askari asiye na ramani ya eneo lake.

Ya pili ni PubMed, ambayo tumekwisha kuieleza. Hapa lazima ifahamike kwamba PubMed ni orodha. Mara nyingi itaonyesha muhtasari tu, na makala kamili yatakuwa yamefungiwa na mchapishaji anayetaka malipo. Lakini tangu mwaka 2000 kuna ghala liitwalo PubMed Central, ambamo makala kamili husomwa bila malipo. Mwanafunzi achague yale ya bure kwanza.

Ya tatu ni mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa mwezi Januari 2002, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo madogo. Ulianza na majarida yapatayo 1,500, na sasa yamezidi mno. Taasisi za Uganda ni miongoni mwa zile zisizolipa. Lakini mpango huu hauandikishi mtu mmoja mmoja. Chuo au hospitali ndiyo hujiandikisha, na neno la siri hukabidhiwa mkutubi. Mwanafunzi asiyemjua mkutubi wake anasimama nje ya nyumba iliyo wazi.

Ya nne ni mkutubi mwenyewe. Wengi humwona kama mlinzi wa vitabu, mtu wa kugonga mihuri na kudai faini. Kumbe yeye ndiye ajuaye maneno ya kutafutia. Mwanafunzi aliyehangaika usiku kucha bila kupata kitu aweza kufunguliwa njia na mkutubi kwa dakika chache, kwa sababu tu neno alilokuwa akilitumia silo linalotumika katika faharasa.

TAARIFA NA AMRI

Hapa tunatoa onyo. Katika jeshi na polisi tunajua tofauti kati ya taarifa ya upelelezi na amri. Taarifa huletwa, hupimwa na kulinganishwa na nyingine; haiwi amri mpaka wenye dhamana wameamua. Makala ya jarida la tiba ni taarifa. Mwongozo wa Wizara ni amri. Mwanafunzi aliyesoma makala moja jana usiku asiende asubuhi kubadili dawa za mgonjwa. Na apeleke alichosoma kwa msimamizi wake, wakijadili pamoja.

Taarifa nayo ina maswali yake. Nani ameandika, na anafanya kazi wapi? Mwaka gani? Wagonjwa walikuwa wangapi, 20 au 20,000? Walikuwa watu wa aina gani, na je, hali yao inafanana na ya wagonjwa wetu? Nani alilipia utafiti? Yako majarida ya uongo katika mtandao, ambayo huchapisha chochote kwa yeyote atakayelipa. Na ziko habari zinazotembea katika simu zetu, za majani yanayoponya kila ugonjwa, ambazo hazina mwandishi wala tarehe. Askari asingekubali taarifa ya namna hiyo juu ya adui. Kwa nini aikubali juu ya mwili wa mwenzake?

Jambo jingine ni siri. Simu ile ile inayofungua maktaba yaweza kupiga picha ya jeraha na kuisambaza. Mwanafunzi wa afya asipeleke mtandaoni picha wala jina la mgonjwa, wala mahali kikosi kilipo, hata kama anatafuta ushauri kwa nia njema. Swali la tiba laweza kuulizwa bila kumtaja mtu.

WAJIBU WA WAKUBWA

Tumewausia wanafunzi, sasa tunawageukia wakubwa wao. Kamanda hahitaji kujenga jumba ili wauguzi wake wapate kusoma. Anahitaji mambo machache. Kwanza, hospitali na vyuo vilivyo chini ya majeshi vihakikishe vimeandikishwa katika mipango hii ya bure, na neno la siri lisilale katika droo ya mtu mmoja ambaye akihamishwa huondoka nalo. Pili, ateuliwe askari mmoja wa kutunza vitabu na mwongozo wa tiba, akabidhiwe kwa maandishi kama akabidhiwavyo mtunza ghala. Tatu, vitabu vikaguliwe: kilichopitwa na wakati kiondolewe rafuni, kama dawa iliyoharibika itolewavyo kabatini. Nne, mwanafunzi aliye kazini apewe saa yake ya kusoma katika ratiba, isiwe fadhila ya kuombwa.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo. Gharama ya kuyaacha haiandikwi katika hesabu ya mwaka, lakini hulipwa: hulipwa na mtoto aliyepewa maji yasiyomfaa, na askari aliyevuja damu huku mwenzake akikumbuka fundisho lililokwisha kufutwa. Elimu ya kuwaokoa ilikuwapo, imeandikwa, na haikuuzwa. Ilingoja msomaji tu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muuguzi wa leo ana mahali pengi pa kuulizia kuliko muuguzi wa zama zozote zilizotangulia, na mlango mkubwa kuliko yote ulifunguliwa na daktari aliyevaa sare kama yetu. Tunawaomba wasomaji wetu walio katika masomo ya afya wauingie, na wale walio na mamlaka juu yao wasiufunge.